Ugonjwa wa Nusu Saa

Nilifeli Hisabati mara mbili kabla sijaelewa kwamba tatizo langu halikuwa Hisabati. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, naishi Shanwe, nafundisha darasa la tatu kujumlisha na kutoa, na watoto walinielewa vizuri. Mtihani wa kidato cha nne, ambao nilikuwa naurudia kama mtahiniwa binafsi, ulitaka mambo mengine, na kwa ajili ya mambo hayo nilikuwa nakaa mezani kuanzia saa tisa alasiri mpaka jua linazama. Nilijisifu kwa kukaa huko. Lakini nikisimama, mgongo ukiniuma, sikukumbuka hata ukurasa niliokuwa nimeufungua.

Mwaka huo ulikuwa wa mwisho kwangu. Chuo cha ualimu kilinipa nafasi ya kwenda kusomea daraja la juu, kwa sharti moja tu, nalo ni kufaulu Hisabati. Barua yao ilisema nafasi ingesubiri mtihani wa Novemba ile, na baada ya hapo angechukuliwa mwingine. Niliiweka barua ndani ya kitabu cha Hisabati ili nikikifungua niione na kupata bidii. Hilo nalo lilikuwa kosa, kwa sababu niliisoma barua kuliko kitabu.

Kisha tukafanyiwa semina ya walimu. Mwezeshaji alikuja kwa treni kutoka Tabora, akatugawia karatasi moja iliyochapwa kwa stensili, wino umefifia upande mmoja. Nitaeleza polepole ilichosema, maana ni jambo jepesi na watu wengi hulikosea. Chagua kazi moja. Ifanye kwa nusu saa bila kugusa kitu kingine chochote. Muda ukiisha, acha, hata kama uko katikati ya hesabu. Toka nje, jinyooshe, fumba macho dakika chache, kisha rudi. Ukifanya hivyo mara nne, pumzika kwa muda mrefu zaidi. Chini ya sentensi ya mwisho walipiga mstari: kupumzika ni sehemu ya kazi. Nilisoma mstari ule nikaona kama mtu ameniruhusu kitu nilichokuwa naiba.

Tatizo lilikuwa saa. Saa ya mkononi ilikuwa moja nyumbani, nayo ilikaa mkononi kwa mume wangu, ambaye alikuwa bwana shamba huko Mpimbwe na alikuja nyumbani mwisho wa mwezi. Saa ya ukutani ilikuwepo, lakini betri yake ilihamia kwenye redio, kwa sababu redio ndiyo iliyotangaza vifo, na kukosa msiba ni kosa kubwa kuliko kukosa saa.

Aliyenitatulia tatizo ni mama mkwe wangu. Alikuja kwetu kutoka kwao Mpimbwe baada ya mavuno ya mpunga kukaa wiki mbili, na sasa ulikuwa mwezi wake wa tatu kwetu. Kila siku alasiri alibandika chungu cha maharage uani, juu ya mafiga, na kukifunika kwa sahani ya bati. Anayepika maharage kwa kuni anajua kwamba maji hupungua, na usipoongeza maharage yanaungua. Siku moja mwalimu mwenzangu alipita kunisalimia akiwa na saa, nikamwomba anisaidie kupima. Kwa chungu kile na moto ule, maji yalitaka kuongezwa kila baada ya muda unaokaribia sana nusu saa. Na maji mapya yalichukua dakika tano au sita kurudi kuchemka. Karatasi ya semina ilikuwa uani kwangu siku zote, inachemka.

Nikamweleza mama utaratibu. Ukiongeza maji, gonga sahani ya bati kwa mwiko, nami nitatoka kupumzika. Yakichemka, gonga tena, nirudi ndani. Alinisikiliza huku akichambua maharage.

"Kwa hiyo mimi ndiye kengele," alisema.

"Wewe ndiye kengele, mama."

"Na nikigonga unatoka, hata kama una hasira?"

"Hata kama nina hasira."

Alifurahi. Tangu aolewe, alisema, alikuwa hajawahi kumpata mtu katika familia ile anayekuja akiitwa.

Niseme ukweli, wiki ya kwanza ilikuwa nzuri ajabu. Sahani inagongwa, natoka, natandika mkeka ubavuni mwa jiko, nalala chali, najifunika khanga usoni. Mama ananisimulia habari za majirani wa Mpimbwe. Sahani inagongwa, narudi. Siku ya nne nilimaliza zoezi zima la pembetatu bila kuchungulia majibu nyuma ya kitabu, na barua ya chuo ilikuwa bado imelala katikati ya kurasa, sijaigusa.

Mama alilinda zile nusu saa kuliko nilivyomwomba. Aliweka kigoda chake kati ya lango na mlango wangu, na mgeni akibisha hodi alipokelewa naye.

"Mwalimu yupo?"

"Hayupo."

"Mbona namwona dirishani?"

"Huyo unayemwona ndiye hayupo. Atakuwepo maji yakipungua."

Wa kwanza kuingiwa na wasiwasi alikuwa jirani yetu wa upande wa kushoto, mama aliyeuza dagaa sokoni Majengo. Ua wetu ulikuwa wa matete, na tete likikauka hupinda na kuacha nafasi ya jicho. Yeye aliona hivi: mwanamke kijana anajifungia ndani akiwa ameinama. Baada ya muda sahani inagongwa. Mwanamke anatoka, ananyoosha mgongo kwa taabu, analala chali kwenye mkeka na kufunikwa uso. Mkwewe anakaa pembeni anamsemesha taratibu. Sahani inagongwa tena, mwanamke anaamka na kurudi kujifungia. Mara nne, mara tano, kila siku. Na mume yuko mbali.

Jumamosi alikuja na bakuli la uji wa ulezi. Alikaa kwenye benchi mpaka nilipotoka.

"Pole, mwalimu."

"Nimeshapoa, mama. Za nyumbani?"

"Usijikaze kwetu. Inaanzaje?"

Mimi kwa tabia yangu nikiulizwa jambo naeleza. Nikamweleza kwamba naanza vizuri, nafanya hesabu kama nusu saa, halafu nalala.

"Na ukilala unapata nafuu?"

"Napata nguvu ya kurudi."

"Kurudi wapi?"

"Kwenye hesabu."

Alimtazama mama mkwe wangu, kisha akauliza kwa sauti ya chini kama katika ukoo wetu kuna mwingine aliyewahi kushikwa na hali hiyo. Mama alifikiri kwa makini. Alisema upande wa mume hakumbuki, labda upande wangu.

Kwetu habari ya mgonjwa haikai. Na mtu akijua kuna mgonjwa akapita bila kuingia, siku yake ikifika na yeye atapitwa. Kwa hiyo waliingia. Waliingia na mayai, karanga, asali kwenye chupa ya soda, na kuku mmoja aliyefungwa miguu. Mama aliwapanga kwenye benchi kimya mpaka sahani igongwe, na nilipotoka nikawakuta watu sita au saba wakisema pole kwa pamoja. Kuitikia pole za watu saba, kila mmoja na salamu za kwao na habari za watoto, kulimaliza pumziko lote kabla sijafika kwenye mkeka. Narudi ndani nimechoka kuliko nilivyotoka, na wao wakiniona nimechoka wanasema, mnaona.

Niliwaeleza wote. Niliwasomea hata ile karatasi ya semina. Nawashauri walimu wenzangu jambo moja nililojifunza hapo: kuna wakati maelezo mazuri huharibu. Mzee mmoja aliipokea karatasi, akaigeuza nyuma na mbele, akasema hospitali siku hizi wanaandika vizuri.

Mmoja tu alikaribia kunielewa, mfugaji wa Kisukuma aliyekuwa na ng'ombe kati ya Shanwe na Kakese. Alileta maziwa kwenye kibuyu, akasikiliza mpaka mwisho bila kusema pole hata moja.

"Nilikuwa na dume la plau hivyo hivyo," alisema. "Linalima mistari minne, linalala. Ukilipiga haliamki. Ukiliacha linaamka lenyewe, linalima mingine minne."

"Ukalifanyaje, baba?"

"Nililiacha. Ndilo lililolima shamba lote. Wale niliowapiga wakaishia njiani."

Nilifurahi sana. Nikamwambia ndicho hicho ninachojaribu kueleza, mimi si mgonjwa hata kidogo. Alinyanyuka, akakung'uta kofia yake. Alisema hata lile dume halikujua kama linaumwa.

Kisha vikaja vyungu. Kwa kuwa moto wetu uliwaka kila alasiri, yule mama wa dagaa aliuliza kama anaweza kuegesha maharage yake pembeni. Mwingine akaleta kunde. Baada ya wiki mbili uani kulikuwa na vyungu vitano, na kila mwenye chungu, akiongeza maji, aligonga sahani, kwa sababu aliona ndiyo desturi ya nyumba. Siku moja nilitoka mara kumi na moja na kupiga hesabu moja tu, tena kwa makosa. Jioni ile nilikaa na barua ya chuo mkononi kwa mara ya kwanza tangu tuanze, na mama aliniona.

Kesho yake aliwaita wenye vyungu. Akawaeleza kwamba chungu cha mwalimu ni kimoja, hiki chenye ufa mdomoni, na vingine vyote viongezwe maji kimya kimya. Mtu aliuliza kwa nini chungu kimoja kipewe cheo. Mama akajibu kwamba hata bungeni Spika ni mmoja. Tangu siku hiyo chungu kile kiliitwa Hisabati. Nilikuwa nasikia kupitia dirishani watu wakiambiana, sogeza kunde zako, unamziba Hisabati moto.

Nikarudi kwenye mwendo wangu. Wageni nao walijifunza. Walisema pole moja kwa niaba ya wote, halafu wakaniacha nilale. Kufikia Oktoba nilikuwa napiga hesabu za miaka iliyopita na kupata zaidi ya nusu. Hapo ndipo mwalimu mkuu alipokuja.

Alikuwa mtu mwema, mpole, mwenye kuchukua mambo kwa uzito. Alikuja Jumamosi na sukari kwenye karatasi ya khaki, akakaa, akasubiri sahani. Nilipotoka alisema amesikia kwa watu wengi mno, na kwamba kama mkuu wangu hawezi kunyamaza. Ameandaa barua kwa msimamizi wa kituo cha mtihani kueleza hali yangu, ili niahirishiwe.

"Mpaka lini, mkuu?"

"Mwakani. Afya kwanza."

Mwakani nafasi yangu ingekuwa na mtu mwingine. Nilikaa kitako kwenye mkeka, nikavuta pumzi, nikaanza kumweleza kwa utulivu kuliko nilivyowahi kumweleza mtu yeyote. Nilimwambia kwamba sina homa, sina kizunguzungu, nina akili zangu zote; kwamba huu ni mpango wa kusoma, nimeuchagua mwenyewe na naweza kuuacha muda wowote. Aliitikia kwa kichwa. Nikaona naeleweka. Nikasema, na ushahidi wa kwamba mimi ni mzima, mkuu, ni kwamba...

Sahani ikagongwa.

Sijui nieleze vipi. Wiki saba mwili wangu ulikuwa umefuata sauti ile. Nilipojitambua nilikuwa mezani ndani, kalamu mkononi, mlango nimeufunga nyuma yangu. Sentensi yangu ilibaki uani na mwalimu mkuu. Nilimsikia mama akimwambia kwa huruma:

"Ndiyo hivyo, mkuu. Sasa hata wewe umeona."

Jumatatu nilimfuata ofisini, mbali na chungu chochote. Sikueleza tena mpango. Nilimwambia tu kwamba mgonjwa ana haki ya kufanya mtihani akiwa mgonjwa, na nikifeli nitakuwa nimefeli mwenyewe. Mwishowe alichana ile barua ya kwanza na kuandika nyingine mbele yangu, kwa mwandiko wake mzuri: mtahiniwa huyu hupatwa na hali kila baada ya nusu saa hivi, akifumba macho asisumbuliwe, humpita yenyewe. Nilimshukuru. Sikuwa na namna.

Siku ya mtihani niliamka nikamkuta mama amefunga kuni kwa mtandio. Hisabati kilikuwa ndani ya beseni, na matofali matatu pembeni.

"Mama, huko kuna saa ukutani. Nitaiangalia."

"Saa inaongezwa maji?"

"Haiongezwi."

"Sasa itakukumbuka kwa lipi?"

Kituo chetu kilikuwa shule ya sekondari ya mjini, na getini alisimama mgambo mwenye bunduki kulinda mtihani. Haya ya nje mama alinisimulia baadaye. Aliweka matofali nje ya uzio, upande wa madirisha yetu, akawasha moto. Mgambo akaja mbio.

"Mama, hapa ni eneo la mtihani. Kuna nini humo?"

"Maharage."

"Fungua."

Alifungua. Mgambo alichungulia, akachukua mwiko, akakoroga mpaka chini kutafuta karatasi. Akaonja moja, akasema bado. Mama akamwambia ndiyo maana yapo motoni. Mgambo alitafakari amri zake na hakukuta chochote kuhusu maharage.

Mimi ndani nilikuwa nimeanza. Maswali matatu ya kwanza yalinikubali. La nne lilikuwa linaanza kuyeyuka mbele ya macho yangu nilipoisikia sahani, mbali kidogo lakini ile ile. Nikaweka kalamu chini na kufumba macho. Nikasikia hatua za msimamizi zikija, zikasimama, karatasi ikafunguliwa, ikakunjwa, na hatua zikaondoka kwa kunyata. Nilipofumbua macho chumba kizima kilikuwa kinanitazama kwa heshima. Sahani ikagongwa tena, nikamaliza la nne.

Ilikwenda hivyo mara mbili. Kisha mvua ikaja, mvua ya Novemba ya kwetu, inayoanguka juu ya bati kama lori linamwaga kokoto. Sahani ikanyamaza. Niliendelea bila pumziko, na polepole nikarudi kuwa yule wa zamani: naisoma hesabu ya ngazi iliyoegemezwa ukutani mara ya tano, ya sita, nusu ya akili iko kwenye barua ya chuo, mgongo umekakamaa. Nilijua nimechoka. Nilijua natakiwa kuacha. Lakini peke yangu sikuweza kuacha, nikaona nikiacha nitafeli, na nikiendelea nilikuwa nafeli.

Mvua ilipopungua, sahani iligongwa karibu kabisa, chini ya dirisha. Nililala kifudifudi juu ya meza. Sidhani kama nimewahi kupumzika vile tangu nizaliwe. Na nilipoinua kichwa, ngazi ilikuwa pembetatu tu, ile ile niliyoipiga nyumbani kwetu siku ya nne. Nikaandika bila kusita. Nyuma yangu kijana mmoja, ambaye sikumfahamu, alikuwa naye ameweka kalamu chini na kufumba macho. Tulipotoka aliniuliza ile kengele ilikuwa ya nani. Nilimwambia ya maharage. Alishukuru, akasema ilimsaidia sana.

Matokeo yalibandikwa mwaka uliofuata. Hisabati nilipata C, na C ilitosha. Nilirudi nyumbani nikikimbia kama mwanafunzi, na pale penye ua wa matete nilimkuta mama wa dagaa na wenzake wamejaa tele. Walinikumbatia wote. Walinipongeza kwa kupona. Mwalimu mkuu alisema shuleni kwamba subira ya jamii imezaa matunda. Mfugaji aliniletea maziwa, akanitazama nikiwa nimesimama alasiri nzima bila kulala, akasema kwa masikitiko kidogo kwamba sasa nimekuwa kama wale madume wengine.

Siku niliyokuwa nafunga mizigo ya kwenda chuo nilimwomba mama anipe kipimo kamili: maharage kiasi gani, maji kiasi gani, ili huko chuoni nitengeneze nusu saa yangu. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, Hisabati kikichemka.

"Kipimo gani? Maharage yenyewe yalikuwa yanaiva mapema. Baada ya hapo nilikuwa nachemsha maji tu."

Nikaacha kukunja nguo. "Sasa ulikuwa unagonga kwa kufuata nini?"

"Nikichoka kukaa peke yangu."

Nilipiga hesabu ya miezi ile yote kichwani. Nikamuuliza siku ya mtihani ilikuwaje, kwa nini katikati alinyamaza muda mrefu vile, kama kuni zililowa na mvua.

"Kuni hazikulowa. Yule mgambo alituhamishia kibandani kwake." Alifunua chungu, akachungulia, akafunika. "Kumbe kwao ni Mpimbwe. Tuliongea, tukasahau."

Treni ilikuwa ya jioni. Nilitandika mkeka pale pale ubavuni mwa jiko, nikalala chali, nikamwambia anisimulie habari za huyo mgambo, kwao ni watoto wa nani.